Madoa ya Zulia Yasiyojulikana Chanzo: Somo la Uchunguzi kwa Wahudumu wa Afya na Familia

Utangulizi

Zulia la sebuleni au la chumba cha kulala ni mali ambayo familia nyingi za Manispaa ya Songea huinunua kwa kujinyima. Yanapojitokeza juu yake madoa ya manjano, ya rangi ya chungwa au ya waridi, bila mtu yeyote kukumbuka kumwaga kitu, swali la kwanza linaloulizwa nyumbani mara nyingi si "ni kitu gani?" bali "ni nani?" Msichana wa kazi hushukiwa kuwa ameficha kosa, watoto huadhibiwa, na pengine jirani hutajwa kwa ushirikina. Wakati huohuo chanzo chenyewe huendelea kukaa ndani ya nyumba, na madoa huendelea kuongezeka.

Somo hili linaeleza namna ya kutafuta chanzo cha madoa hayo kwa utaratibu uleule unaotumika kutafuta chanzo cha ugonjwa: kuchukua historia, kukagua, kupima, na ndipo kutoa uamuzi. Jambo hili linamhusu mhudumu wa afya kwa sababu mbili. Kwanza, baadhi ya madoa ya namna hii huletwa na dawa ambazo mgonjwa alipewa bila kuelezwa tabia zake. Pili, madoa mengine ni dalili ya maradhi ambayo mwenye nayo anaona haya kuyataja.

Hatua ya kwanza: Je, rangi imeongezwa au imeondolewa?

Madoa yote ya kitambaa hugawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la madoa yaliyoongezwa: kitu chenye rangi kimeingia kwenye nyuzi, kama vile chai, damu, udongo mwekundu au dawa ya zambarau. Kundi la pili ni la madoa yaliyotokana na kupotea kwa rangi: hakuna kilichoongezwa, bali rangi ya kiwandani imeharibiwa na kemikali.

Kutofautisha makundi haya hakuhitaji maabara. Chukua kitambaa cheupe kilicholowanishwa kwa maji ya sabuni, ukibonyeze juu ya doa kwa dakika chache, kisha ukitazame. Kitambaa kikichafuka kwa rangi ya doa, kuna kitu kilichoongezwa. Kikibaki safi, na nyuzi za zulia zikionekana nzima wala hazishiki vidole kwa unato, inaelekea rangi imeondolewa.

Rangi ya doa nayo hueleza jambo. Zulia la kahawia au la kijivu kwa kawaida hupakwa mchanganyiko wa rangi tatu: nyekundu, manjano na bluu. Mara nyingi ile ya bluu ndiyo inayotangulia kuharibika. Ikiondoka kwenye zulia la kahawia au la kijivu, hubaki rangi ya chungwa; kwenye la kijani hubaki manjano; kwenye la zambarau hubaki waridi. Kwa hiyo doa la chungwa juu ya zulia la kahawia halina maana kwamba mtu amemwaga kitu cha rangi ya chungwa. Yawezekana kilichomwagika kilikuwa cheupe kabisa.

Hatua ya pili: Mahali, umbo na wakati

Baada ya kujua kundi la doa, huchorwa ramani. Ni vema kuchukua karatasi na kuonyesha kila doa lilipo ndani ya chumba, kwa kuwa mpangilio wa madoa hufuata mwendo wa watu.

Jua hufifisha eneo pana lenye mipaka ya dirisha au ya kivuli cha kiti, haliachi vidoadoa. Jiki, yaani dawa ya kung'arisha nguo yenye sodiamu haipokloraiti, huacha matone na michirizi karibu na mahali pa kufulia au njia ya ndoo, na rangi huanza kufifia ndani ya muda mfupi, huku harufu ikisikika. Ukungu hutokea kando ya ukuta unaovuja au chini ya kabati, hasa wakati wa masika, ambao Songea huendelea takriban kuanzia Desemba hadi Aprili; madoa yake ni meusi au ya kijivu na yana harufu ya uvundo.

Yapo madoa ambayo hayafuati mipangilio hiyo. Huonekana kando ya kitanda, mbele ya kioo, karibu na mlango wa bafu, au pale mtu anapoegemeza mikono akitazama televisheni. Ni madogo, mengine yana ukubwa wa ncha ya kidole. Hayana harufu. Hayakutokea siku moja, wala hakuna anayekumbuka tukio lolote. Mpangilio huu ukionekana, uchunguzi uelekezwe kwenye rafu ya dawa za ngozi.

Chanzo kinachosahauliwa: dawa ya chunusi

Benzoili peroksaidi ni mojawapo ya dawa kuu za chunusi duniani. Imo katika Orodha ya Dawa Muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hutengenezwa kama krimu, jeli, losheni au sabuni, kwa nguvu ya kati ya asilimia 2.5 na asilimia 10. Mwanasayansi Mmarekani Loevenhart aliripoti mafanikio ya kuitumia kwa magonjwa ya ngozi yapata mwaka 1905. Kemikali hiyohiyo imetumika pia viwandani kung'arisha unga wa ngano, na hapo ndipo ilipo siri ya madoa ya zulia: inayoponya uso ndiyo inayopausha rangi.

Juu ya ngozi, dawa hii huvunjika na kutoa chembe zenye elektroni isiyo na mwenzake. Chembe hizo hushambulia bakteria aina ya Cutibacterium acnes wanaoishi ndani ya vinyweleo. Kwa kuwa huua kwa kuoksidisha, bakteria hao hawajaonekana kujenga usugu dhidi yake kama wanavyojenga dhidi ya antibiotiki. Ndiyo maana madaktari wa ngozi hushauri iambatanishwe na antibiotiki za chunusi, ili kuzuia usugu. Lakini chembe zilezile haziwezi kutofautisha bakteria na rangi ya nguo. Zikigusa uzi uliopakwa rangi, huivunja molekuli ya rangi, na doa huzaliwa.

Mambo matatu huifanya dawa hii iwe ngumu kushukiwa. Kwanza, yenyewe ni nyeupe au haina rangi, hivyo inapodondoka haionekani. Pili, haiyeyuki katika maji. Mtu akinawa kwa maji matupu, masalia hubaki vidoleni na kuhamia kwenye taulo, kitasa, kiti na zulia. Tatu, huchelewa. Masalia yaweza kukaa makavu kwenye nyuzi kwa majuma au miezi bila kuonyesha dalili, kisha joto na unyevu vikaharakisha kazi yake. Tone lililoanguka katika ubaridi mkavu wa Julai laweza kuonekana kama doa mvua zinapoanza, au siku zulia linapooshwa kwa maji ya moto. Ndiyo sababu aliyelifua zulia hubebeshwa lawama ya kitu ambacho hakukifanya.

Si kila zulia huathirika. Sufu, pamba na nailoni hupauka kwa urahisi. Polipropilini, ambayo rangi yake huchanganywa ndani ya plastiki kabla uzi haujavutwa, huhimili. Kwa sababu hiyo, katika nyumba yenye zulia la plastiki dalili zitafutwe kwenye foronya, mashuka, taulo, kola za mashati, kanga na vitenge.

Mfano wa uchunguzi

Ichukuliwe, kwa mfano wa kufundishia, familia ya mtaa wa Bombambili yenye zulia la sufu la rangi ya kahawia. Madoa saba ya rangi ya chungwa yameonekana mwezi Januari. Mama wa nyumba anaamini kuwa msichana wa kazi alimwaga jiki akanyamaza. Msichana anakana, na mshahara wake wa mwezi umezuiwa.

Jaribio la kitambaa cheupe halitoi rangi yoyote. Basi rangi imeondolewa. Ramani inaonyesha madoa manne kando ya kitanda cha kijana wa kidato cha tatu, mawili mbele ya kioo, na moja sebuleni penye kiti anachopenda kukalia. Hakuna doa lolote kwenye njia ya ndoo wala karibu na mahali pa kufulia. Foronya yake ya bluu ina mabaka yaliyopauka upande wa shavu, na taulo yake ina alama za vidole. Vitambaa vya watu wengine nyumbani ni vizima.

Kijana akiulizwa faraghani, anasema kwamba tangu Agosti anapaka usiku krimu ya chunusi aliyoinunua duka la dawa. Kwenye kasha panasomeka benzoili peroksaidi asilimia 10. Ili kuthibitisha, tone dogo la krimu hupakwa kwenye kipande cha pamba chenye rangi kisichohitajika, kikalowanishwa kidogo na kuachwa mahali penye joto pamoja na kipande kingine kisichopakwa. Cha kwanza kikipauka na cha pili kikabaki kama kilivyokuwa, ushahidi umetimia.

Uchunguzi huu umerudisha haki ya msichana na mshahara wake. Umefanya pia jambo la pili lenye uzito uleule: umefichua kwamba kijana anatumia kiwango kikubwa kuliko anachohitaji kuanzia, bila ushauri, kwa ajili ya ugonjwa uliokuwa ukimwaibisha kiasi cha kutomwambia mzazi.

Madoa mengine ya dawa

Dawa nyingine za ngozi na vidonda huacha alama zake. Pamanganeti ya potasiamu, inayotumika kuloweka ukurutu unaotoa maji, huacha rangi ya kahawia; doa likiwa bichi, maji ya limau husaidia kuliondoa kwenye kitambaa. Dawa ya zambarau ya vidonda hujulikana kwa rangi yake. Iodini hutia rangi ya kahawia yenye umanjano. Haidrojeni peroksaidi ya kusafishia vidonda hupausha, kama ile dawa ya chunusi, ila hufanya kazi upesi zaidi.

Foronya yenye madoa ya kahawia yanayozidi kukolea kadiri siku zinavyopita inahitaji swali la upole kuhusu mkorogo. Hidrokwinoni, kemikali ya kujichubua, hubadilika kuwa ya kahawia inapokutana na hewa. Vipodozi vyenye hidrokwinoni au zebaki vimepigwa marufuku nchini Tanzania kwa madhara yake, yakiwemo kuharibika kwa ngozi na, kwa zebaki, kuharibika kwa figo. Mtu anayepaka hidrokwinoni pamoja na benzoili peroksaidi aweza pia kupata weusi wa muda juu ya ngozi, akadhani dawa ya chunusi imemuunguza.

Doa linapokuwa dalili

Madoa ya mkojo hustahili uangalifu wa pekee. Mkojo wa zamani waweza kubadilisha rangi ya zulia na kuacha duara lenye ukingo wa manjano. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akaanza tena, akawa na kiu nyingi na kukonda, apelekwe kituo cha afya siku hiyohiyo kupimwa sukari. Sisimizi wakikusanyika penye mkojo ni sababu ya kwenda kupima, ingawa peke yake si uthibitisho wa kisukari, na kutokuwapo kwao si uthibitisho wa uzima.

Mzee anayeficha madoa chini ya mkeka huenda ana tatizo la tezi dume, maambukizi ya njia ya mkojo, au udhaifu wa kibofu. Mwanamke ambaye tangu kujifungua kwa uchungu wa muda mrefu amekuwa akivuja mkojo bila kukoma huenda ana fistula ya uzazi. Hali hii hutibika kwa upasuaji; hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam ni miongoni mwa vituo vinavyotoa matibabu hayo. Anayekaa pembeni ya zulia la wenzake kwa kuogopa kulilowesha anahitaji rufaa, wala hastahili kukaripiwa.

Ukungu nao usichukuliwe kuwa uchafu tu. Kwa mgonjwa wa pumu, zulia lenye ukungu laweza kuwa sababu ya vipindi vya kubanwa kifua visivyoisha. Zulia lianikwe juani, uvujaji uzibwe, na likishindikana kukauka, liondolewe chumbani mwa mgonjwa.

Hatari ya kuondoa doa kwa nguvu

Rangi iliyoondolewa hairudi kwa kufua. Jambo hili lielezwe wazi, kwa kuwa wengi hujidhuru wakisugua doa ambalo si uchafu. Kumwaga jiki juu ya doa lililopauka huongeza upaukaji. Kuichanganya jiki na dawa ya chooni yenye asidi, au na siki, hutoa gesi ya klorini. Kuichanganya na amonia hutoa kloramini, na mkojo uliochacha una amonia. Gesi hizi huchoma macho na mapafu, na katika chumba kilichofungwa zaweza kuua.

Aliyevuta gesi hiyo atolewe nje penye hewa safi mara moja, na apelekwe hospitali iwapo anakohoa, anabanwa kifua au anapumua kwa shida. Chupa za jiki zisihifadhiwe ndani ya chupa za maji au soda, kwani watoto huzinywa wakidhani ni kinywaji.

Kwa doa lililopauka, njia salama ni kulipaka rangi kwa fundi, kulifunika, au kukata kiraka. Kama chanzo ni dawa ya chunusi, sehemu zinazozunguka doa zioshwe kwa sabuni ili kupunguza masalia kabla hayajafanya kazi.

Maelekezo kwa anayetumia benzoili peroksaidi

Kuharibika kwa kitambaa si sababu ya kuacha dawa. Chunusi zisizotibiwa zaweza kuacha makovu ya kudumu na weusi wa muda mrefu usoni. Zulia laweza kufunikwa, uso hauwezi. Mgonjwa azingatie yafuatayo:

1. Aanze na nguvu ndogo, asilimia 2.5 au 5. Nguvu ya asilimia 10 huongeza ukavu na muwasho bila kuongeza faida kubwa kwa wengi.
2. Apake tabaka jembamba mara moja kwa siku, juu ya ngozi safi iliyokauka.
3. Anawe mikono kwa sabuni, pamoja na kati ya vidole, kabla ya kugusa chochote.
4. Asubiri dawa ikauke kabisa kabla ya kuvaa au kulala.
5. Atumie foronya na taulo nyeupe zilizo zake peke yake, na fulana nyeupe ikiwa anapaka kifuani au mgongoni.
6. Aepuke kugusisha dawa kwenye nyusi na nywele, maana nazo hupauka.
7. Asitegemee nafuu ya juma moja. Matokeo huonekana baada ya majuma kadhaa, na tathmini nzuri hufanywa baada ya miezi miwili hadi mitatu.
8. Aache dawa na arudi kituoni iwapo uso utavimba, utatoka malengelenge, au atashindwa kupumua vizuri.

Anayetumia pia tretinoini aulize namna ya kuzigawa, kwa kuwa baadhi ya aina za tretinoini huharibiwa na benzoili peroksaidi zikipakwa pamoja; kwa kawaida moja hupakwa asubuhi na nyingine usiku.

Wajibu wa anayetoa dawa

Makasha mengi ya benzoili peroksaidi yana onyo kwamba dawa hupausha nywele na vitambaa vya rangi. Onyo hilo mara nyingi limeandikwa kwa Kiingereza na kwa herufi ndogo, na mgonjwa aliyenunua dawa bila maelezo hana namna ya kulijua. Sentensi moja ya Kiswahili dirishani pa dawa yatosha: "Dawa hii huondoa rangi ya nguo na zulia, nawa kwa sabuni na tumia taulo nyeupe." Sentensi hiyo ikikosekana, gharama yake hulipwa na mtu asiyekuwapo dirishani: mtoto aliyechapwa, au msichana aliyefukuzwa kazi.

Mhudumu wa ngazi ya jamii anayetembelea kaya naye atumie macho yake. Akikuta doa, aulize kwa faragha na kwa heshima, bila kumwaibisha mtu mbele ya wenzake. Maswali matano yanatosha kuanzia: Doa lilionekana lini? Lipo wapi, na nani hukaa hapo? Je, kitambaa kingine cha mtu huyo kina alama kama hiyo? Kuna dawa gani za ngozi, vidonda au usafi ndani ya nyumba? Je, yupo mwenye tatizo la mkojo, ngozi au kifua ambaye hajapimwa? Wenye chunusi kali, makovu au mashaka ya mkorogo wapewe rufaa kwa mtaalamu wa ngozi. Wataalamu wa aina hiyo wamekuwa wakifunzwa nchini katika Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi, Moshi, tangu miaka ya 1990.

Hitimisho

Doa lisilojulikana chanzo lichunguzwe kabla ya mtu yeyote kulaumiwa. Lipimwe kwa kitambaa cheupe ili kujua kama rangi imeongezwa au imeondolewa, lichorewe ramani, lilinganishwe na foronya na taulo, na rafu ya dawa ikaguliwe. Chanzo kikiwa dawa ya chunusi, mgonjwa abadilishiwe maelekezo, asinyang'anywe tiba. Chanzo kikiwa maradhi, mwenye doa apelekwe kituo cha afya. Na ikiwa tayari kuna aliyeadhibiwa kwa kosa ambalo hakulitenda, familia imwombe radhi na kumrudishia haki yake.